Sisimizi wa Saa Sita

Turubai likipigwa na jua hutoa harufu ambayo sijapata kuikuta kwenye kitu kingine: mpira unaokaribia kuyeyuka, vumbi la zamani, na kwa mbali mafuta ya gari. Watu wengi wakiinusa hukumbuka harusi. Mimi huinama kutazama chini, miguuni mwangu, nikitafuta sisimizi. Sifanyi makusudi. Ni kama mtu aliyewahi kuumwa na mbwa, ambaye hutazama ua wa watu kabla ya kupiga hodi.

Mwezi uliopita tulikuwa msibani Kahororo, pale Bukoba, kwa jirani wa zamani wa familia yetu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, kulia kwangu dada yangu Kemi, aliyekuja kwa miguu kutoka kwake Bilele akiwa amebeba viatu vizuri mkononi na kuvivaa getini. Katekista alikuwa anasoma. Jua lilipanda, turubai likaanza kunuka, nami nikainama. Kemi akaniegemea bila kugeuza shingo.

"Unahesabu?"

"Sihesabu. Naangalia tu."

"Leo hakuna mwenye maharage ya kupanda. Hesabu."

Nyinyi hamjui habari ya maharage, kwa hiyo nitawasimulia. Kwetu Muleba wanaijua wote, na nilikuwa nikidhani naijua kuliko wote.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya barabara iendayo Biharamulo, mahali ambapo basi la kutoka Bukoba ulilisikia likihangaika na mlima kitambo kabla hujaliona. Nyuma ya nyumba kilianza kibanja, yaani migomba na mibuni ya familia iliyopandwa pamoja hadi giza linaingia humo mapema kuliko mahali pengine. Mbele kulikuwa na uwanja uliofagiliwa, ambao kuanzia Juni hadi Septemba haukuwa wetu bali wa kahawa. Mikeka ilitandazwa, kahawa ikamwagwa, na sisi watoto tukajifunza kupita pembeni kama wageni.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Deo, alikuwa mtu mwembamba mwenye suruali moja ya kazi na sauti iliyouzidi mwili wake. Shule haikuwa na maabara. Ilikuwa na uwanja, na Mwalimu Deo aliamini kwamba uwanja unatosha. Mwezi Septemba alitupa kazi: kila mmoja achague tundu moja la sisimizi nyumbani kwao, alitazame mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili. Asubuhi kabla ya kuja shule, saa sita tunaporudi kula, na jioni. Tuandike hali ya hewa na wanachofanya sisimizi.

"Msiwaguse," alisema. "Msiwape sukari. Hamfugi, mnatazama."

Wenzangu wengi waliandika wiki zote mbili kwa usiku mmoja, na daftari la mmoja wao lilikuwa na sisimizi waliopigana na nyoka wakashinda. Mimi nilitazama kweli. Nilikuwa mtoto anayefanya anachoambiwa, sifa ambayo nimeshaipoteza.

Tundu langu lilikuwa ukingoni mwa uwanja, karibu na mkeka wa kahawa, hatua nne kutoka barazani alipolala Mama. Alikuwa anaumwa tumbo tangu mwanzo wa mavuno. Alilala barazani kwa sababu ndani asingeiona kahawa, na Mama hakuweza kupumzika bila kuona kahawa. Kwa kuwa hakuweza tena kufanya kazi, alisimamia: kuku, dada yangu Kemi aliyekuwa na miaka kumi na mitano, mimi, na sasa sisimizi wangu.

"Wafanyakazi wako wameamka?" aliniuliza asubuhi ya kwanza.

"Bado. Kuna ukungu."

"Basi ni Wahaya hao. Hawatoki nje kabla ya kahawa."

Alisema kwa Kihaya, kama tulivyosema mambo yote nyumbani. Daftarini ilinibidi niyageuze kuwa Kiswahili, na nakumbuka niliona kama sisimizi wetu wamevalishwa sare za shule. Asubuhi. Ukungu. Baridi. Sisimizi wawili mlangoni, hawaendi mbali. Kisha siku nyingine, ukungu ulipoondoka mapema: Jua dogo. Wanatoka wengi. Mstari unaelekea jikoni. Siku za baridi walichelewa. Jua likigusa udongo walimiminika kana kwamba kuna mtu amepiga kengele. Jioni walirudi na mizigo, makapi ya dagaa, bawa la nondo, punje ya ugali iliyokauka, na walishindana kuiingiza mlangoni kama watu wanaopitisha kabati.

Saa sita ndiyo iliyonichosha. Nilirudi kutoka shule nikikimbia, njaa inaniuma, nikachuchumaa juani, na hakukuwa na kitu cha kutazama. Tundu tupu. Udongo mweupe kwa joto. Niliandika: Saa sita. Jua kali. Hawapo. Kesho yake niliandika hivyo hivyo, na keshokutwa.

"Wenye akili wamelala," Mama alisema kutoka kivulini. "Uko juani peke yako."

Alasiri moja ya wiki hiyo nilikuta wanabeba vitu vyeupe kama punje za mchele na kurundika chembe za udongo kuzunguka mlango. Mbingu ilikuwa safi. Nilimwambia Mama kwa sababu nilimwambia kila kitu. Alitazama mbingu, kisha akamwita Kemi aanue kahawa.

"Mvua iko wapi?" Kemi aliuliza.

"Waulize wao."

"Sasa nyumba hii inaongozwa na sisimizi."

Alianua akinung'unika. Alikuwa na mkeka wa mwisho mikononi mvua ilipoangukia bati. Mama alicheka hadi akashika tumbo, na haikuwa kwa kicheko tu. "Andika hiyo," aliniambia alipopata pumzi. "Na jina la Kemi uliandike."

Mwisho wa wiki ya kwanza Mwalimu Deo alikagua. Alisoma daftari langu amesimama, kidole kikishuka ukurasa, kikasimama kwenye saa sita.

"Umejuaje hawapo?"

"Sikuwaona, Mwalimu."

"Mimi sijawahi kumwona babu yako. Kwa hiyo hayupo?"

"Amekufa, Mwalimu."

Darasa lilicheka sana. Mwalimu Deo alisubiri wamalize. "Nimechagua mfano mbaya," alikiri. "Ulichimba?"

"Hapana."

"Basi hujui. Andika hukuwaona. Kama hawapo, hilo ni jambo lingine."

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja hadi jikoni na kuchukua jembe la Mama nyuma ya mlango. Lilikuwa jembe dogo, limelika upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa kuwa Mama alitumia mkono wa kushoto na kulima kwa namna yake. Mtu mwingine yeyote akilishika lilimponyoka. Nilikuwa nimelinyanyua Mama aliponiona.

"Weka chini. Utabomoa nyumba za watu kwa ajili ya maksi?"

"Mwalimu amesema sijui."

"Na kweli hujui." Alifumba macho akafumbua. "Ngoja nipate nguvu. Tutachimba wote wawili, kwa ubavuni, taratibu, kama tunavyotoa viazi. Tutaona wanakolala mchana. Usichimbe peke yako."

Nilirudisha jembe. Nilifurahi, maana ilikuwa kama nimepewa tarehe ya kupona kwake.

Jumanne ya wiki ya pili Taata, yaani baba yetu, alisimamisha gari la mtu barabarani, wakampakia Mama kwenda hospitali Bukoba. Kabla gari halijaondoka Mama alimwambia Kemi kahawa igeuzwe. Mimi hakuniambia kitu. Tulikuwa tumeshapatana.

Alirudi Alhamisi. Tulijua kabla gari halijafika, kwa sababu lilipanda mlima polepole mno, na hakuna gari lililowahi kupanda mlima ule polepole kwa hiari. Daftari langu la jioni hiyo linasema: Mawingu. Upepo. Wanabeba mguu wa panzi. Mwandiko ni mzuri. Nimeutazama mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mkono ulitetemeka, na sijapaona.

Kilichofuata nakikumbuka kama orodha. Nyasi mbichi zilikatwa na kutandikwa ndani, nyumba nzima ikanuka kama malisho, na akina mama wakaketi juu yake wakizunguka jeneza. Shangazi Leokadia, dada mkubwa wa Taata, alifika na kushika uongozi kabla hajaweka mzigo chini. Jambo la kwanza alilofanya ni kukusanya majembe yote ya nyumba, akayafunga kwa kamba ya mgomba na kuyafungia stoo. Kwetu msiba ukiingia, jembe halilii. Halilii kwa wafiwa wala kwa majirani, hadi siku nne zipite na matanga yaondolewe. Anayelima kabla ya hapo amemwambia marehemu kwamba ameshamalizana naye, na siku huanza kuhesabiwa upya.

Na kijana mmoja mwenye lori la kubebea kahawa alileta turubai lake. Walilifunga kutoka ukingo wa bati hadi kwenye miti miwili ya kivuli, likafunika uwanja wote. Mikeka ya kahawa ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pakawekwa mabenchi ya kanisani.

Sikuwa nimelia. Nalisema mapema kwa sababu wengine walilisema kabla yangu. Nilijaribu. Nilijificha nyuma ya jiko nikawaza mambo ya huzuni, na lililonijia ni kuku wetu mweupe aliyegongwa na basi mwaka uliopita, ambaye hata yeye sikumlilia. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi. Unaugusa, unajua ni wako, lakini habari haifiki.

Siku ya mazishi, ilipofika saa sita, miguu ilinipeleka kwenye tundu. Hakuna aliyenituma. Ilikuwa saa yake tu. Nilipita katikati ya miguu ya wanakwaya, nikachuchumaa chini ya benchi.

Walikuwa wametoka.

Wengi, mstari mzima, saa sita ya jua kali. Niliweka kiganja kwenye udongo: baridi. Nilitambaa hadi nje ya turubai, nikagusa udongo wa huko: ukaniunguza. Nilirudi, nikagusa tena. Nilielewa kwamba sisimizi hawajui saa sita na hawalitazami jua. Wanaujua udongo. Siku zote tulikuwa tukiandika habari za mbinguni, wakati wao wanaishi kwa habari za chini ya miguu yao. Niliandika: Saa sita. Jua kali (nje ya turubai). Wametoka, wengi sana. Mabano niliyaweka mwenyewe, na niliyaonea fahari.

Nilikuwa na furaha. Ndilo neno lake na sitalipunguza. Niliingia ndani, nikavuka miguu ya watu kwenye nyasi hadi kwa Kemi aliyekuwa kando ya jeneza, nikamwambia sikioni, "Wametoka."

Kemi alinitazama. Uso wake ulikuwa umevimba na macho yake hayakunifikia.

"Nani wametoka?" Shangazi Leokadia aliuliza.

"Sisimizi, waitu," nilimjibu kwa heshima.

Aligeuza uso. Kisha akamwambia mama aliyekaa karibu naye, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba mbuzi hajanyweshwa, "Huyu hajalia tangu juzi."

Tulimzika Mama saa nane, kibanjani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Niliambiwa nirushe udongo, nikarusha. Ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, wa baridi kabisa, saa nane mchana. Niliwaza: kumbe huku chini ndiko kulivyo. Ndiyo sababu wanashuka. Hilo ndilo nililowaza nikiwa ukingoni mwa kaburi la mama yangu, na kwa miaka mingi ndicho kitu ambacho sikumwambia mtu.

Usiku ule ilinyesha mvua ya kwanza kubwa ya msimu; ile iliyomkuta Kemi na mkeka ilikuwa ya kupita tu. Sasa mnajua kuhusu majembe, kwa hiyo mnaona balaa lilipo. Majirani wote walikuwa na mbegu za maharage tayari kwenye vibuyu. Mvua ya kwanza ndiyo ya kupandia, na hakuna aliyeweza kugusa ardhi. Wanaume walikaa kwenye nyasi zetu kwa heshima zote, wakatafuna kahawa, wakasema Mama alikuwa mtu mwema, na kila wingu lilipopita walilisindikiza kwa macho. Walimpenda Mama. Walipenda pia siku nne ziishe.

Siku ya nne, iliyokuwa ya mwisho, mwenye lori alikuja asubuhi kuchukua turubai lake. Jua likarudi uwanjani. Matanga yangeondolewa jioni, na kesho yake alfajiri kijiji kizima kingepanda.

Saa sita nilichuchumaa mahali pangu. Tundu tupu. Niliandika: Saa sita. Jua kali. Hawapo. Nilikuwa nimesahau agizo la Mwalimu. Wakati penseli iko bado kwenye karatasi, mama mmoja muuza dagaa, wa wale wanaotoka visiwani na kupita nyumba kwa nyumba na beseni kichwani, aliingia uwanjani. Alikuwa ametoka ziwani siku hiyo hiyo na hakuwa na habari. Alimwita Mama kwa jina, kwa sauti ya kibiashara.

Shangazi Leokadia alisimama mlangoni.

"Hayupo," alisema.

Nililitazama neno nililoandika. Baada ya hapo kumbukumbu yangu ina pengo. Ninachokumbuka ni jembe la Mama, limesimama wima limeegemea ukuta wa jikoni, nje, juani, kana kwamba linanisubiri. Sikujiuliza limetokaje stoo. Kwa miaka yote hii sikujiuliza, na mimi ni mtu ninayelipwa kwa kujiuliza.

Nilipiga mara tatu. Jembe la mtu wa kushoto liliniponyoka mara mbili. Pigo la tatu lilifungua ardhi kama mkate, na niliwaona. Walikuwa wamejaa kwenye vyumba vidogo vyenye giza na unyevu, wote wako kazini. Walibeba vile vyeupe vyao kwenda chini zaidi, wakipishana, bila hata mmoja aliyelala. Niliwaona kwa muda mfupi sana.

Kisha nikasikia kimya. Mlio wa jembe uwanjani mwetu ulikuwa umeingia nyumbani, ukavuka kibanja, ukafika kwa majirani, na kila mahali watu walikuwa wamesimama. Taata alitoka. Nilijua atanipiga. Alichukua jembe kutoka mikononi mwangu, akalishika mahali Mama alipokuwa akilishika, akakaa nalo chini kwenye udongo. Ningependelea fimbo.

Wazee wa ukoo walishauriana kwa muda usiozidi wa kutafuna punje mbili za kahawa. Siku zihesabiwe upya. Nne nyingine.

Ilinyesha siku zote nne. Mvua nzuri, ya upole, ya maharage. Majirani walirudi kwenye nyasi wakakaa. Mzee mmoja, jirani yetu wa upande wa chini, alinipita nikiwa mlangoni akanishika kichwa.

"Koku," alisema, "tukila maharage mapya baada ya Krismasi, tutakukumbuka kwenye sala."

Shangazi Leokadia hakufanya mzaha. Alisema moyo wangu ni jiwe la kusagia, na kwa kuwa alilisema mbele ya watu wengi, lilibaki. Maharage yalichelewa, yakashikwa na jua, yakatoka machache. Nikawa Koku wa sisimizi. Nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu walisema wananipeleka nikafundishwe kuhesabu vizuri. Kwenye harusi yangu mjomba mmoja alimwonya bwana harusi afiche majembe. Walicheka, nami nilicheka, maana mtu mwenye moyo wa jiwe hana sababu ya kununa.

Daftari nililikabidhi wiki iliyofuata. Mwalimu Deo aliweka alama ya vema kila ukurasa. Ya siku ya mazishi ina ukubwa uleule wa nyingine zote. Wakati ule niliona ni haki tupu. Nilipomrudia kuchukua daftari alinitazama kidogo akasema, "Pole, mwanangu," kisha akasema, "Yale mabano ni mazuri." Sikumwambia kwamba nimechimba. Ukurasa wa mwisho umeishia pale pale, kwenye neno aliloniambia nisiliandike.

Nimeishi na maelezo ya Shangazi hadi nimezeeka nayo, na sitasema hayakunifaa. Yamenisaidia katika kazi yangu ya uandishi. Nimeandika makala za misiba ya watu wengine ambazo watu wameniambia ziliwaliza, na nilizisahihisha nikitafuna karanga. Taata alipofariki nilipanga viti, nikahakikisha maji yanatosha, nikasifiwa kwa ujasiri. Si ujasiri. Ni mtu aliyezoea mguu wake wenye ganzi, akajifunza kuutembelea.

Basi tulikuwa Kahororo, chini ya turubai, na Kemi alikuwa ametania kuhusu maharage kama anavyotania kwenye kila msiba. Safari hii hakumalizia kwa kucheka. Katekista aliketi, kwaya ikaanza, na Kemi akaongea chini ya wimbo, macho yake mbele.

"Lile jembe nililitoa mimi."

Sikuelewa. Akarudia.

"Ulikuja jikoni umesimama tu. Ukasema, nataka kuchimba nione kama yupo. Nikaenda stoo. Nikakata kamba kwa kisu, nikalitoa la Mama, nikaliegemeza ukutani, nikarudi ndani kukaa."

"Nilisema kama wapo. Sisimizi."

"Ulisema yupo." Alinyoosha kitenge magotini. "Au nilisikia nilichotaka. Nilidhani unakwenda kwake. Nilikaa kwenye nyasi nasubiri nisikie jembe kutoka kibanjani. Nilipolisikia uwanjani sikujua kama nimefurahi au vipi."

Wimbo uliendelea. Mbele yetu mtoto alikuwa amelala begani kwa mama yake, mdomo wazi.

"Ungenizuia," nilisema.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitano, Koku. Na mimi nilitaka kujua."

"Na ukaniacha na maharage."

"Nikakuacha na maharage." Alitikisa kichwa polepole. "Kila mara nikitania nilikuwa nataka uniulize jembe lilitokaje stoo. Umesoma hadi chuo kikuu hujauliza."

Nilitafuta hasira, kwa utaratibu, kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta funguo, na haikuwepo. Au tuseme sikuiona. Nilichokiona ni msichana wa miaka kumi na mitano aliyekaa kwenye nyasi kando ya ukuta, amevimba uso, masikio yameelekezwa kibanjani. Watu wote walimwona analia, wakaridhika kwamba huyu anaomboleza sawasawa. Hakuna aliyejua kwamba ndani yake kuna mtu anachimba.

"Walikuwepo?" Kemi aliuliza.

"Nani?"

"Hao wako. Ulipochimba. Sijawahi kukuuliza."

"Walikuwepo," nilisema. "Wengi sana. Walikuwa wanashusha mayai chini, kwenye baridi. Hakuna aliyelala hata mmoja."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa jibu la barua aliyoituma zamani akakata tamaa. Hakulia, nami sikulia, nisiwadanganye. Lakini nilihisi kitu mguuni, yale machomo madogo ambayo huja mguu uliokaliwa unapoanza kupata damu, na ambayo mtu yeyote atawaambia si matamu.

Mtoto yule wa darasa la tano alijua mambo ya udongo kuliko mimi. Alikuwa ameshagusa pande zote mbili za turubai na kuona kwamba wanaotoka na wasiotoka ni walewale, tofauti ni joto lililo juu yao. Hakujua tu kwamba ameandika habari zake mwenyewe, na za dada yake, na pengine za Taata aliyekaa chini na jembe bila kusema neno. Mimi nimechelewa kulisoma daftari langu. Udongo wa juu huchukua muda wake kupoa.

Kwaya ilinyamaza. Niliinama tena, na Kemi naye akainama, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Ilikuwa inakaribia saa sita. Chini ya kiti chake, kwenye kivuli, mstari ulikuwa unapita na chembe ya wali. Kemi aliutazama kwa muda, kisha akavuta kile kiatu chake kizuri pembeni, akawaachia njia.